Siku Nilipocheza Rami na Watu Wasiokuwepo

Kuna aibu ambazo mtu huzicheka baada ya muda, na kuna hii yangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nikiwa njiani peke yangu huongeza mwendo, kana kwamba naweza kuiacha nyuma. Nawaeleza ninyi kwa sababu hakuna hata mmoja wenu aliyekuwa Magogoni wakati ule, na wale waliokuwapo hawana haja ya kuelezwa (walikuwa mlangoni, waliona wenyewe).

Ilikuwa mwaka wa kabla ya uhuru. Shule nilikuwa nimeiacha zamani, darasa la nne, si kwa uzito wa kichwa bali kwa sababu kila gari la moshi lililopita Voi nilitaka kujua linakwenda wapi, na katika kulitafuta jibu nikakata mkonge, nikaosha vyombo hotelini, nikapakia mapipa Changamwe, mwisho nikajikuta Kisauni nachonga mawe ya kujengea. Nilipanga chumba Magogoni kwa Bi Mwanasiti, mjane mwenye masharti mawili: mgeni wangu yeyote apitie kwake kwanza, na karata zisiingie nyumbani mwake. Karata ni mambo ya barazani, alisema, ndani husomwa Kurani. Nilikubali yote mawili mbiombio, maana wageni sikuwa nao na karata sikuzijua.

Nyumba iliyoelekeana na yetu ilikuwa na baraza, na kila siku baada ya alasiri watu watatu walitandika mkeka pale wakacheza rami. Alikuwapo Mzee Salim, aliyewahi kuwa serahangi, msimamizi wa mabaharia melini, mwenye sauti nzito ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Athmani fundi cherehani, ambaye kila karata aliyoitupa aliitupa kwa kuimba. Na Mwinyi muuza mafuta ya taa, ambaye alikohoa kila alipotaka kuwadanganya wenzake kuwa karata zake ni mbaya. Mwenzao wa nne alikuwa amehamia Lamu, mahali pake pakabaki wazi, nami nikapatazama mahali pale kama mtu mwenye njaa anavyotazama sinia la pilau kwenye harusi asiyoalikwa.

Maana, jamani, nilikuwa mpweke. Kule kwenye mawe kila mtu anagonga jiwe lake, vumbi limejaa kinywani, hakuna anayezungumza, na nikirudi nyumbani zipo siku ambazo neno langu la pekee tangu asubuhi lilikuwa shikamoo kwa Bi Mwanasiti. Pale mkekani watu walizungumza. Walibishana kama mwambao utakwenda na bara au utabaki na Sultani, walitaniana juu ya wake zao, walikumbushana wafu wao, na muda wote huo mikono inagawa na kutupa karata. Rami kwangu ilikuwa mlango tu, nilichokitaka ni kuingia ndani ya yale mazungumzo.

Siku moja nikajipa moyo nikamwomba Mzee Salim anifundishe. Akaniangalia juu ya miwani. "Hapa haifundishwi, kijana. Mtazamaji ana macho, mdomo ameuacha kwao. Siku utakayoijua, njoo ukae."

Basi nikatazama. Nikajua kwamba kila mtu hugawiwa karata kumi na tatu, kwamba ukilamba moja kutoka fungu la katikati lazima utupe moja, na kwamba kazi yako ni kuzipanga, ama zinazofuatana za jamii moja, kopa kwa kopa na shupaza kwa shupaza, ama zinazofanana, wafalme na wafalme, na anayemaliza kuzipanga anazilaza chini zionekane. Hayo yalikuwa mepesi. Kilichonitesa ni kwamba mara nyingine mtu alizilaza zote, zimepangika vizuri kabisa, na Mzee Salim akazisukuma kwa kidole akasema si safi, na mwenyewe akakubali bila ubishi. Nilikaa na swali hilo siku nyingi. Kumbe lazima uwe na angalau mfuatano mmoja usio na jokari ndani yake, maana jokari husimama mahali pa karata yoyote, na nyumba nzima haiwezi kujengwa kwa nguzo za kuazima.

Sasa kichwa changu kina ugonjwa mmoja: jambo silikumbuki mpaka nilikumbuke kwa sauti ya aliyelisema. Kanuni ya usafi ilikaa kichwani kwa sauti nzito ya Mzee Salim, kanuni ya kulamba ikakaa kwa wimbo wa Athmani, na kadhalika. Kwa hiyo nikafanya jambo dogo ambalo ndilo lililonimaliza. Nikanunua karata kuukuu Mwembe Tayari, nikazipitisha chini ya shati mbele ya Bi Mwanasiti, nikawa najifundisha chumbani, nagawa za watu wanne, na kila nikihamia mahali pa mtu nasema anavyosema yeye. Mwanzoni nilinong'ona.

Halafu masika yakaingia, na alasiri moja mvua ikapiga bati kiasi kwamba hata mimi mwenyewe sikujisikia, nikapaza sauti. Kazi haikuwapo, barazani kumelowa, na mimi nilikuwa na kahawa. Kikombe kilikuwa kimoja, nikakizungusha kwa kila mtu na kukinywa kwa niaba yake. (Chekeni tu, bado hamjafika kwenye kucheka.) Mwinyi akakohoa, Athmani akaimba, Mzee Salim akawakemea wote, nikamwambia Mzee Salim mwambao utakwenda na bara, akanijibu kwa hasira kwamba mimi mtoto sijui kitu, nami nikafurahi kujibiwa. Wallahi sijapata kuwa na alasiri nzuri kama ile Magogoni.

Mvua ilipungua bila mimi kutambua. Haya mengine niliambiwa baadaye. Bi Mwanasiti alipita ukumbini akasikia sauti ya Mzee Salim chumbani mwangu, akakasirika kwamba mtu mzima kama yule ameingia nyumbani mwake bila hodi, akatoka hadi mlango wa nje ili alalamike kwa jirani, na hapo akamwona Mzee Salim mwenyewe anatoka msikitini na mwavuli, Athmani na Mwinyi wakimfuata. Mama wa watu akashika mwimo wa mlango.

"Salim," akamwambia, "weye u nde ama u ndani?"

Mzee Salim akajibu kwamba yuko nje, kama anavyoona. Bi Mwanasiti akamwambia aingie basi ajisikie. Wakaingia wote watatu, na nyuma yao watu waliokuwa wamejibanza kwenye upenu kukimbia mvua, wakasimama ukumbini wakisikiliza, na humo ndani Mzee Salim anaguruma, Athmani anaimba, Mwinyi anakohoa. Mwinyi wa kweli, nasikia, alijishika koo. Mzee Salim akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu, akabisha mlango.

Na mimi, mjinga wa wajinga, nilikuwa nimekaa mahali pake, kofia nimeilaza upande kama yeye, na mdomo ukajibu kabla ya akili, kwa sauti yake ileile: "Karibu, lakini mdomo uuache kwenu."

Mlango ukafunguliwa.

Wa ukumbini walicheka mpaka wengine wakakaa chini, lakini Bi Mwanasiti hakucheka. Alizitazama karata, akatazama mikeka minne niliyoitandika (mitatu ilikuwa magunia), akakitazama kile kikombe kimoja. Nilingoja anifukuze, na ningemshukuru.

"Masikini mwanangu," akasema. "Huna watu?"

Hapo ndipo nilipotamani kweli wangemkuta jini mle chumbani, kama walivyodhani. Mzee Salim akainama, akachukua karata mkononi mwangu, akauliza kama hizo ndizo zake. Nikamwambia ndizo, shikamoo mzee.

"Na ulikuwa ukitupa ipi?"

"Bibi wa kopa."

Akaziangalia tena. "Nina ghulamu wa kopa, nina mfalme wake, kisha nimtupe bibi?" (Nimwambie nini, kwamba nilitaka nishinde mimi?) Akanirudishia. "Kesho kukikauka, njoo ukae."

Nikaenda. Mahali nilipopatazama miezi yote ile nikapakalia, na rami niliijua kweli, hata siku hiyohiyo nikazilaza zangu zote zimepangika, mfuatano wa uru bila jokari. Mzee Salim akazitazama akasema, "Safi," kisha akajisikia alivyolisema, akanitupia jicho, akanyamaza. Athmani hakuimba. Mwinyi alimeza kikohozi mpaka macho yakamtoka machozi. Habari za mwambao hakuzigusa mtu. Hawakunichukia, walinipa kahawa, walinigawia karata kwa haki, lakini kila mmoja aliyapima maneno yake kama aliyesimama mbele ya kadhi, na kilichosikika pale barazani kilikuwa karata tu zikigonga mkeka.

Nikajiambia watazoea. Siku kadhaa baadaye nilichelewa kazini, na kabla sijapinda kona ya nyumba nikawasikia: Athmani anaimba kwa sauti ya juu, Mwinyi anakohoa uongo wake, Mzee Salim anawatukana kwa mapenzi, na wote wanacheka. Nikasimama pale kidogo. Kisha nikapinda kona, na wakanyamaza, na Athmani akasogea kunipa nafasi.

Nikawasalimu, nikasema nimechoka, nikaingia ndani. Mwezi ulipokwisha nikamuaga Bi Mwanasiti na kuhamia Likoni. Mkekani pao nadhani walipata mtu mwingine, au walibaki watatu, sikuuliza. Ila tangu pale niliapa, na kiapo hicho sijakivunja: sauti ya mtu nikiipenda nitakaa niisikilize akiwapo mwenyewe, basi, siichukui kwenda nayo nyumbani.