Kipa Asiyejua Kutukana

Duka langu la kutengeneza viatu lilikuwa Adelphi, kule Marekani, kwenye safu ya maduka kando ya barabara ya University Boulevard, katikati ya dobi na mama mmoja wa El Salvador aliyeuza mikate. Nilianza na nyundo moja na kigoda. Mtaji sikupewa na mtu. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu wa kwetu waliokuwa wakidhani nimerithi. Nirithi kwa nani? Baba yangu kule Kisarawe aliacha mbuzi wawili na kesi. Shule niliacha darasa la tatu, na mwalimu alifurahi kuliko mimi. Lakini kiatu nakijua. Nikikitazama kiatu chako nakwambia unafanya kazi gani, unaegemea upande gani ukisimama, na kama mkeo anakupenda.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini alipoingia yule Mjapani. Mrefu, wa miaka ishirini na sita hivi, akainama mlangoni. Nikadhani kainama kwa ajili ya mlango, kumbe alikuwa ananisalimia. Akaweka mezani njumu za mpira na glovu mbili zilizochanika vidole.

Alikuwa kipa wa kulipwa. Kwao alikuwa kwenye timu kubwa, lakini kipa wa tatu, na kipa wa tatu kazi yake ni kupasha benchi joto. Akaona heri avuke dunia awe kipa wa kwanza wa timu ndogo. Timu yenyewe ilikuwa ya daraja la pili, ikifanya mazoezi karibu na College Park. Njumu zake zilikuwa za kwao, pana mbele, nyembamba kisiginoni, na Marekani nzima hakupata nyingine za kumkaa. Kwa hiyo kila zikifa, mimi nilizifufua. Kiingereza chake na changu vilikuwa vya ukoo mmoja, vyote vinachechemea, basi tukaelewana vizuri sana. Waliokuwa wakitusumbua ni wenye Kiingereza kizuri.

Jumamosi moja alichukua glovu zake, akalipa, akainama, halafu asiondoke. Nikamwuliza, "Nini tena?"

"Samahani, mzee. Kocha amenipa mechi tatu. Halafu nirudi kwetu."

"Unafungwa sana?"

"Si sana. Sisemi."

Ikabidi anieleze. Kipa ndiye anayeuona uwanja wote, kwa hiyo ni lazima awapigie kelele mabeki wake: wewe sogea, wewe rudi, nyuma yako kuna mtu. Sasa huyu, kila akiona hatari, alianza na "tafadhali". Akimaliza tafadhali, mpira uko wavuni. Kocha akamwambia hawezi kuongeza mkataba wa kipa bubu. Na kurudi kwao maana yake ni kule kule benchi, tena safari hii kipa wa nne.

Kabla sijamjibu, mlango ukafunguliwa kwa teke. Aliingia mtani wangu. Huyu alikuwa mama wa Kinyamwezi kutoka Tabora, kazi yake kuhudumia wazee majumbani mwao, na kila Jumamosi lazima apite.

"Mzaramo, bado hujafa? Na mimi nimeshavaa nguo ya msiba."

"Nitakufaje na wapagazi hamjaja kunibeba? Weka kwanza mzigo wako chini, ingawa najua Mnyamwezi bila mzigo kichwani anaumwa shingo."

"Nibebe kitu kizito kama uvivu wako? Hilo jeneza litavunja daraja." Akaichukua kofia yangu msumarini, akaitia mkobani, akageuka kuondoka.

Mjapani akaruka. Alisimama mlangoni ametanua mikono na magoti kayakunja, kama anangoja penalti, huku akisema, "Tafadhali, tafadhali." Uso umemtoka jasho. Alidhani anashuhudia wizi, na baada ya wizi, mauaji.

Tulimkalisha kwenye kigoda tukamweleza utani. Kwamba babu za Wanyamwezi walikuja pwani na misafara, wakapita kwetu, wakapigana na babu zetu, halafu wakazikana. Tangu hapo Mnyamwezi na Mzaramo wanatukanana mpaka msibani, na mmoja anaweza kuchukua cha mwenzake mpaka mwenyewe ajikomboe. Sheria ni moja: hakasiriki mtu. Lakini ukimtukana asiye mtani wako, hayo ni matusi kamili na unastahili kofi. Yule bwana akatoa kidaftari, akaandika. Halafu akauliza kama mgeni anaweza kupewa utani.

Nikamwambia lazima kwanza iwepo vita au safari. Je, Wajapani waliwahi kupigana na Wazaramo? Akasema hajui, atampigia simu baba yake.

Nilidhani anatania. Kesho yake alirudi na jibu. Baba yake hakumbuki vita hiyo, lakini kama ilitokea, familia nzima inaomba radhi.

"Ilitokea," nikamwambia. "Tuliwapiga." Na hivyo ndivyo utani wa Wazaramo na Wajapani ulivyoanza, nami ndiye niliyeuanzisha, hata kama hakuna aliyenipa cheti.

Mafunzo yalianza siku ile ile. Mtani wangu alikuja akiwa na sare ya kazi, akasema, "Haya, mtukane huyu mzee. Kichwa chake unakionaje?"

Kipa akanitazama kwa huruma. "Mzee, kichwa chako ni kizuri. Lakini kinaweza kuwa bora."

Yule mama alikaa chini sakafuni kwa kucheka. Mimi sikucheka, maana lile kwa kweli liliniuma kuliko matusi.

Tukaona Kiingereza kinamponza. Alikuwa amefundishwa Kiingereza chenye tafadhali ndani yake, hakitoki bila hiyo. Basi tukampa Kiswahili, ambacho alikipokea kikavu, bila tafadhali. Akikosa neno alituuliza, akaliandika, akalirudia kama anasoma dua. Sauti ndiyo ikawa taabu. Mtani akampeleka ng'ambo ya pili ya University Boulevard, na mimi nikasimama mlangoni pangu. Katikati yetu magari yanapita njia sita. Akaambiwa: mtukane mpaka asikie.

Siku ya kwanza niliona midomo tu. Siku ya pili nilisikia "mzee" na baada ya hapo lori. Siku ya nne, nikiwa na kisigino cha mteja mkononi, ikanifikia juu ya honi zote: "Mzaramo! Viatu unavyoshona vinarudi dukani vyenyewe!"

Mama wa mikate alitoka akaniuliza aite polisi au aache. Nikamwambia aache, huyo ni mwanafunzi wangu.

Mechi ya kwanza ilikuwa imeshachezwa kabla hatujaanza mafunzo, na alifungwa mawili akiwa kimya. Ya pili tuliingoja kama harusi. Jumatatu akaja na njumu zenye matope, akainama, nami nikajua kwa kule kuinama kwenyewe. Alifungwa matatu. Hakufungua mdomo.

"Kwa nini?" nikamwuliza. "Wiki nzima umenitukana hapa, majirani wote mashahidi. Sasa huko umepatwa na nini?"

Akafungua kidaftari chake, akanionyesha, kana kwamba mimi naweza kusoma mwandiko ule. "Ulisema asiye mtani, ni matusi kamili. Mabeki si watani wangu."

Unampata wapi Mswahili anayefuata sheria namna hiyo? Sisi wenyewe tunaifuata nusu. Nikachukia, si yeye, nilijichukia mimi, maana nilimfundisha vizuri kupita kiasi. Nikamtupia njumu zake na kusema, "Basi nenda kaweke utani na hao mabeki. Chukua vitu vyao kama mtani wangu anavyochukua kofia yangu. Mimi nina kazi."

Neno likishatoka halirudi. Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya mechi ya mwisho, aliingia na mfuko mkubwa mweusi, akaumwaga mezani. Njumu nane. Jozi nne za mabeki wanne.

"Nimechukua," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anafurahi.

Miaka yote niliyokaa nchi ile sikuwahi kuguswa na polisi, na sasa mali ya wizi iko kwenye meza yangu, juu ya kitambaa changu. "Wanajua?"

"Nimeacha barua." Alikuwa na nakala yake. Aliisoma kwa Kiingereza chake, nami naiweka hapa kwa Kiswahili: Samahani sana. Viatu vyenu viko kwa fundi wa Adelphi. Tafadhali njooni mkasirike, halafu msikasirike.

Hawakuchelewa. Walikuja wanne ndani ya gari dogo, wamevaa kandambili. Wa kwanza kushuka alikuwa beki wa kati, Mmarekani mnene wa mabega, ukimwona ubavuni unadhani ni kabati la nguo. Hakusalimia. "Viatu vyetu viko wapi?"

Bahati nzuri ilikuwa Jumamosi, na mtani wangu alikuwa ndani. Alijipanga mlangoni na kanga yake kiunoni, kimo chake kikiishia kwenye kitovu cha yule bwana. "Hakuna kiatu bila kujikomboa," akasema. "Kwenye gari langu kuna magunia manne ya mchele ya shughuli ya jumuiya. Yanatakiwa kwenye gari la shoga yangu, pale mbele. Mmoja, gunia moja."

Wakatazamana. Sijui ni sauti yake au ni kwa vile watu wazima hawajui kumkatalia mama, lakini waliyabeba. Niliona Mnyamwezi kasimama mikono mitupu, anaelekeza wapagazi kwa kidole, nikamwambia babu zake leo wanalia kwa furaha. Akanijibu babu zangu bado wamelala.

Magunia yalipokwisha, yule kabati alirudi na vumbi la mchele begani, akamkabili kipa. "Una kasoro gani wewe? Mwaka mzima husemi, halafu unatuibia viatu?"

Kipa akafungua mdomo. Niliiona ile tafadhali inakuja, iko kooni. Nikamwambia kwa Kiswahili, pole pole, "Ukinyamaza hapa, wiki ijayo uko kwenye ndege. Mimi sitakuja kukuaga, nina viatu vya watu."

Alivuta pumzi. Akasema, tena kwa Kiingereza, kwa sauti ile ya ng'ambo ya barabara, "Wewe unageuka kama friji inayopandishwa ngazi!"

Glovu zilizoning'inia ukutani nadhani zilisikia. Halafu yule beki wa kushoto akatoa mlio puani, wa kulia akamshikilia mwenzake, wote watatu wakaangua kicheko. Kabati akabaki amekunja uso.

"Nani amesema hivyo kabla yako?" akauliza.

"Hakuna. Mimi mwenyewe. Msimu mzima nafikiria."

Hapo uso ukamlegea. "Na wewe," akasema, "unadaka krosi kama mtu anayeomba ruhusa kwa mpira."

Kipa akainama kwa heshima. Lilikuwa tusi lake la kwanza kupokea kutoka kwao, na lilikuwa la kweli. Nikamweleza kabati sheria, kwamba hakasiriki mtu, naye akasema huo ndio utaratibu wa familia yao wakati wa sikukuu, ila wao hukasirika.

Beki wa kulia akajisogeza mbele. "Mimi hujaniambia kitu."

"Wewe," kipa akasema, "ukipanda mbele hurudi. Nilitaka kukuandikia barua nyumbani."

"Na mimi je?" akauliza wa kushoto, akaambiwa yeye ni mzembe.

Nusu saa walikuwa pale wakipigana kwa maneno kama mashemeji, na mimi nikatumia nafasi hiyo kutazama viatu. Cha kushoto cha kabati kilikuwa kimeachia soli upande wa ndani, ndiyo maana alikuwa hageuki, sehemu moja. Sehemu nyingine ni mwili. Nikatia gundi, nikashona kwa uzi wa nta, sikumtoza kitu. Nilimwambia asimwambie mtu.

Jumapili mchana tulikwenda, mimi na mtani, tukasimama nyuma ya goli lake kwenye uzio wa waya. Uwanja ulikuwa wa shule, mabenchi ya chuma, watu wachache na mbwa mmoja. Toka filimbi ya kwanza yule bwana hakunyamaza. "Friji, kushoto! Wewe wa barua, rudi nyumbani! Mzembe, nyuma yako!" Kiingereza kikimwishia alimalizia na Kiswahili, na mabeki walirudi hivyo hivyo, maana sauti ya mtu anayekutakia mema kwa hasira haihitaji mkalimani. Kila kona alimtaja kila mtu kwa kasoro yake. Mpira ukatoka. Mtani wangu akawa anasahihisha matamshi kupitia waya.

Hawakushinda, sitaki kudanganya. Ilikuwa sare, moja moja, na hilo moja hata mimi na wewe tukiwa golini pamoja tusingelidaka.

Filimbi ilipolia, kocha akaja moja kwa moja kwa kipa wake pale golini, hatua mbili kutoka tulipo. Mtu mfupi, kofia imeshuka mpaka nyusi. Akasema, "Nina nafasi ya mwaka mmoja. Unaitaka?"

Kipa akafungua mdomo, kisitoke kitu. Akajaribu tena. Ikatoka pumzi. Sauti ilikuwa imekwisha, yote ameimwaga uwanjani, hajabakiza hata ya ndiyo. Akashika koo, akatutazama sisi kama mtu anayezama.

"Nimekuuliza swali," kocha akasema, na niliona uso wake unaanza kurudi kule kule kwa kipa bubu. "Unaanza tena? Unaitaka au huitaki?"

Mimi si mtu wa kuingilia mazungumzo ya watu. Lakini nilishika ule waya, nikasema kwa Kiingereza changu chote nilichokuwa nacho: "Anaitaka. Mimi ndiye mzee wake. Andika."

Kocha akanitazama, akamtazama yule mama mwenye kanga, akamtazama kipa aliyekuwa ameinama mpaka glovu zinagusa majani na haonyeshi dalili ya kunyanyuka.

"Sawa," akasema, "lakini mwambie arudishe mpira wangu wa mazoezi, aliouchukua akaniachia barua."