Mwenyekiti Asiyetajwa Jina

Januari ile walipomchagua Ambilikile kuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, kijiji kizima cha Lufingo kilijua siku hiyo hiyo, maana alipita mwenyewe kuwatangazia. Alianzia kwa muuza mbolea, akashukia kwa wachuma chai, akamalizia kwa bibi mmoja asiyesikia vizuri, ambaye alimwitikia "ndaga fijo" bila kujua anashukuru nini. Msimcheke. Mzee alikuwa na migomba yake, ng'ombe mmoja wa maziwa na suti ya kahawia ya harusi yake, ambayo mabegani bado ilimkubali ila tumboni walikuwa wanabishana. Cheo hakuwahi kuonja. Hata kwaya ya kanisani walimpa kazi ya kushika taa.

Kulikuwa na jambo moja tu. Mwalimu wa darasa la saba pale shuleni, Winfrida, alikuwa mkamwana wake, mke wa kijana wake mkubwa Emmanuel. Na kwa desturi ya Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani, na jina la mzee halitoki mdomoni mwa mkamwana hata abanwe na mlango. Siku hizi mabinti wa mjini, kule Bulyaga na Bagamoyo yetu ya hapa, si ile ya pwani, wamelegeza kamba; wanawasalimia wakwe zao na kuwaomba vocha. Lakini Winfrida alikuwa mtu wa Singida, kaletwa huku na ajira, na mgeni ukimfundisha jambo hulishika kuliko wewe mwenyewe. Mama mkwe wake, Felista, alimweleza mara moja tu, huku anamenya ndizi. Ikatosha.

Ambilikile akaigeuza heshima hiyo kuwa bango. Kila alipopeleka ndizi sokoni Bulyaga, lazima aitaje.

"Mkamwana wangu kasoma chuo," alimwambia Yohane, muuza ndizi mwenzake. "Lakini akinisikia nakohoa tu, anaingia kwenye migomba. Wa kwako je?"

"Wa kwangu juzi kanipiga picha nimevaa bukta."

"Pole sana, ndugu yangu. Hayo ni malezi."

Sasa angalia cheo kinavyoweza kumponza mtu. Kikao cha kwanza cha kamati na walimu, mwenyekiti aliingia ofisini kifua mbele, hodi hakupiga. Winfrida, aliyekuwa amekaa pembeni, akatokea dirishani. Ndiyo, dirishani, sketi na yote! Dirisha lilikuwa chini, lakini nje kulikuwa na tuta la viazi lililonyeshewa usiku kucha, na mwalimu akatua humo kwa magoti.

Mwalimu mkuu, Hosea, mtu wa Mara asiye na subira hata ya chai kupoa, alibaki na kalamu hewani. "Huyu kaona nyoka?"

"Kaniona mimi," alijibu Ambilikile, akavuta kiti, akakunja nne. Alijisikia raha kama mtu aliyepigiwa mizinga.

Mwaka ukaenda hivyo. Machi shule ilipopanda miti, mwenyekiti alisimamia kilima cha huku, mwalimu akapewa bonde la kule. Wazazi walipoleta mahindi ya uji, yeye alipokea mlangoni, Winfrida akajifungia stoo na magunia. Na kila asubuhi darasani kulikuwa na kituko chake. Kitinda mimba wa mzee, binti aitwaye Tuntufye, alikuwa darasa hilo hilo la saba. Wenzake wakiitwa kwa jina lao na la baba, yeye aliitwa "Tuntufye wa Nyumbani". Darasa linacheka, yeye anaitika "nipo". Kinyongo hakuwa nacho. Alimpenda wifi yake, na hesabu zilizokuwa hazimpandi kichwani zilikuwa zimeanza kupanda.

Kasheshe ilikuja Mei, kwenye mashindano ya michezo na shule ya jirani. Tuntufye alikuwa anaongoza mbio, miguu inarusha matope. Ambilikile akashindwa kujizuia. Akaanza kukimbia kandokando ya uwanja na mwavuli wake, "Twende mama! Twende!" bila kuangalia nani yuko mbele. Mbele, mwisho wa mbio, ameshika utepe, alikuwa Winfrida. Kuinua macho, baba mkwe huyo anakuja kama ng'ombe aliyekata kamba! Mwalimu akautupa utepe, akatokomea kwenye migomba. Watoto wakafika wamejazana, wa kwanza hajulikani. Shule ya jirani ikakataa matokeo, mbio zikarudiwa, na Tuntufye, ambaye pumzi ilishakwisha, akawa wa tatu.

Binti hakumwambia baba yake kitu. Alivua raba, akatembea peku hadi nyumbani. Hapo ndipo raha ya mzee ilipoanza kuchacha.

Hosea naye hakungoja. Alimwita Winfrida ofisini. "Mwalimu, mila zako nazisikia. Lakini siwezi kuwa na mwalimu anayemkimbia mwenyekiti. Siku ya mahafali utasoma majina ya darasa lako, majina kamili, na mwenyekiti atagawa vyeti. Ukishindwa, nitaandika uhamishwe. Kuna shule mpaka kule mwisho wa wilaya zinalia hazina walimu."

Habari zikafika kwa Ambilikile kupitia Felista, sahani ya ndizi ikiwa katikati yao.

"Basi najiuzulu," mzee akasema.

"Ujiuzulu watu waseme mkamwana kakung'oa kwenye kiti?"

"Sasa nifanyeje, Mama Emmanuel?"

"Emmanuel ndiye wa kuuliza hivyo, maana mke akienda huko atabaki na masufuria. Tena yule mwanao anayelala na daftari la hesabu kifuani, umemwuliza? Chagua, mwenyekiti."

"Usiniite mwenyekiti saa hizi."

Alimtuma Felista akamwambie Winfrida kuwa ruhusa ipo, alitaje jina bila wasiwasi. Felista akaenda, akarudi kabetua midomo.

"Anasema wewe ni mkwe wake, si jirani. Ruhusa kubwa kama hiyo haitumwi kama chumvi. Useme mwenyewe, kwa mdomo wako."

Na hapo mzee akakwama. Aseme naye vipi? Miezi yote hii amewaimbia watu wa Bulyaga sifa za kukimbiwa. Leo awe yeye wa kwanza kufungua mdomo? Alikwenda kuzungumza na ng'ombe. Ng'ombe hakuwa na ushauri.

Mitihani ikapita, mahafali yakafika na mvua yake. Maturubai yakafungwa, wahitimu wakaimba, mgeni rasmi akakaa anajifuta miwani. Yohane alikuja kutoka Bulyaga, akakaa mstari wa mbele kama mtu aliyekata tiketi. Ambilikile alisimama kwenye meza ya vyeti ndani ya suti ya kahawia, macho yameganda kwenye turubai. Upande wa pili Winfrida alishika kipaza sauti, kampa mgongo, kanga imeshuka hadi kwenye nyusi.

Majina yakaenda. Gwakisa akachukua cheti, Innocent akachukua, Janeth akachukua na kupepesuka kwa furaha. Halafu:

"Tuntufye..."

Mvua tu juu ya turubai.

"Tuntufye..."

Binti alikuwa ameshasimama, shati jeupe, soksi zimevutwa hadi magotini. Hakujua aende au akae. Watoto wa nyuma wakaanza kucheka, kisha wakaacha wenyewe. Hosea akatazama saa. Kipaza sauti kikabaki wazi, turubai zima likasikia Winfrida anavyohema.

Ambilikile akayatoa macho juu, akamtazama mwanawe. Uso ule ule wa siku ya mbio.

"Mwalimu," akasema.

Watu wakageuka kama waliovutwa na kamba moja.

"Mwalimu Winfrida. Ni mimi baba yako. Hilo jina nilipewa na baba yangu nilitumie, na leo nakupa na wewe. Lina kazi hapa. Litaje, mwanangu, mtoto anangoja."

Winfrida aligeuka. Akapiga magoti pale pale kwenye nyasi zilizolowa, akasema, "Ndaga, baba." Akainuka, akakiweka kipaza sauti mdomoni.

"Tuntufye Ambilikile!"

Ilisikika hadi mashamba ya chai. Felista akapiga kigelegele. Bibi wawili watatu walisonya, mmoja akaondoka kwa hasira, ingawa wakati wa pilau alionekana na sahani. Tuntufye alikipokea cheti kwa mikono miwili, na baba yake alichelewa kidogo kukiachia. Yohane, mdomo wote ule, alikuwa anajifanya vumbi limemwingia jichoni, kwenye mvua.

Barua ya uhamisho Hosea hakuiandika. Lakini msidhani Ambilikile kapumzika. Jumatatu yake alikuwa anakata majani ya ng'ombe, akasikia sauti ya mwalimu kando ya shamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Choo cha wasichana kinavuja, na kamati haijakaa tangu Julai."

Mzee alitazama migomba iliyokuwa karibu. Kwa mara ya kwanza alitamani yeye ndiye wa kuingia humo.

"Kesho," akasema. "Mwambie Hosea tunakaa kesho."