Mkebe wa Matope Wodini

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile babu alipoingia wodini kule Jinja amevaa koti lake kuukuu la jeshi la Waingereza, mkononi ana mkebe wa maziwa ya unga uliojaa matope. Muuguzi alimzuia mlangoni. Babu akamjibu kwa Kiswahili alichorudi nacho kutoka vita vya Burma, "Sista, hii haiko matope ya bure. Mimi natafuta daktari."

Wewe unayesoma sayansi utacheka. Cheka tu, lakini nisikilize.

Mwaka ule nilikuwa niingie tohara. Unajua sisi Wamasaba wa Mbale, mwaka mmoja tunapumzika na unaofuata tunatahiri, na kijana husimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, watu wote wakimtazama. Kabla ya hapo wazee humpeleka kwenye kinamasi cha ukoo na kumpaka matope mwilini. Aliyepaka vijana wa ukoo wetu alikuwa babu. Mimi nilikuwa Jinja kwa mjomba wangu, mtaa wa Mpumudde, nikijifunza ufundi wa magari na kuisubiri Agosti nirudi kwetu nikacheze ngoma na wenzangu. Badala yake fizi zikaanza kutoka damu, miguu ikajaa madoa ya zambarau, na Daktari Apio akaniambia nina saratani ya damu.

Ilikuwa miaka ya utawala wa jeshi. Madaktari wengi walikuwa wamekimbia nchi, na kupata sukari tu ilikuwa lazima umjue mtu. Daktari Apio, mama wa Kiteso asiyependa maneno mengi, alikuwa amebaki. Alikuwa na rafiki daktari kule Nairobi aliyekubali kumpa dawa mpya, na ililetwa na dereva wa lori, Mkenya mmoja jina lake Onyango, ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Onyango alitusimulia kwamba kwenye kizuizi cha Iganga mwanajeshi aliishika ile chupa na kusema, "Chai hii mimi nakunywa." Yeye Onyango akamjibu, "Afande, hiyo iko dawa ya kijana, damu yake inaumwa." Yule askari akafungua, akatazama vichupa vimelala juu ya barafu, akafunga mwenyewe kwa uangalifu. "Pita haraka," akasema. "Barafu itaisha."

Nilipoanza kupata nafuu, nilimuuliza daktari dawa ile hutokana na nini. "Na vijidudu," akasema. "Vinaishi kwenye udongo na kwenye mimea inayooza." Kisha akaitwa kwa mgonjwa mwingine.

Mwanangu, nilibaki pale kitandani kichwa kinanizunguka kwa furaha. Udongo, mimea inayooza, si ndicho kinamasi chetu? Wazee walikuwa na dawa ile tangu zamani bila kujua jina lake. Fizi zilikuwa zimekauka, miguu ina nguvu, na wenzangu tayari wanavaa njuga. Nikamtuma Onyango, aliyekuwa akipitia Mbale, amwambie babu aje anichukue. Nitatahiriwa na rika langu, nilisema, na matope yatamalizia kazi ya dawa.

Kwa hiyo siku ile alipotokea na mkebe, nilijua tunaondoka. Nikaanza kukunja shuka. Babu alinitazama akasema, "Ngoja kwanza." Akamgeukia Daktari Apio.

"Daktari, kijana anasema dawa yako iko ndani ya hii. Mimi nimepaka hii kwa watoto miaka mingi. Sijaona dudu hata moja. Nionyeshe."

Nilidhani mama yule atamfukuza. Alicheka kidogo, mara ya kwanza kumwona akicheka, akatuchukua mpaka chumba cha maabara. Alichukua tone la maji ya matope, akaliweka kwenye kioo chini ya hadubini. Babu aliinama, akafumba jicho moja, akatazama. Zamu yangu ilipofika niliona vijiti vidogo mno, vingine vimetulia, vingine vinatetemeka na kukimbizana. Sijawahi kustaajabu namna ile tena.

"Hawa ndio wako na dawa?" babu akauliza.

"Sijui, mzee. Wako wa aina nyingi sana. Kwa matope yenu hakuna mtu amewahi kutafuta."

"Na yule dudu wa dawa ya Nairobi, yeye anafanya nini?"

Daktari akavuta kiti. Alieleza kwamba kijidudu kile hutengeneza kimeng'enya, kitu cha kuvunjavunja chakula cha aina moja kilichomo katika damu. Chembe nyingi za mwili zina jiko lao, zinajipikia chakula hicho zenyewe. Chembe za saratani yangu hazina jiko, zinategemea kilichoko kwenye damu. Kikivunjwa, zinakufa njaa. Wataalamu hukitoa kimeng'enya kile peke yake, wakakisafisha, na hata hivyo miili mingine hukikataa. Hilo nilishaliona. Kijana wa kitanda cha jirani alidungwa dawa ileile, akavimba na kukosa pumzi, ikabidi iachwe. Hakupona. Namkumbuka mpaka leo.

"Kwa hiyo matope yenyewe hayaponyi," babu akasema.

"Hapana. Yakiingia kwenye kidonda chake yatamuua."

"Na kisu, mwezi ujao?"

"Atatoka damu isikatike, mzee."

Babu akaufunika mkebe wake. Nilijua anachofikiria. Katika nyumba yake hakuna kijana aliyewahi kukosa mwaka wake, na watu wangesema mjukuu wa mpakaji ni mwoga. Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka. Nikamwambia, "Kuka, nichukue tu." Kuka ndivyo tunavyomwita babu.

Akanijibu kwa kilugha chetu, bila ukali. "Wewe umeuliza dawa imetoka wapi, ukasimama hapo kwa sababu jibu lilikupendeza. Hukuuliza inafanya nini. Na haya matope, nani alikuambia ni dawa? Ni ya kumwambia mtu yeye ni wa nani. Hiyo kazi inaweza kusubiri. Lala, udungwe."

Alirudi Mbale akautangazia ukoo kwamba mwaka wangu haujafika. Wenzangu walitunga wimbo wa kunicheka, na ulinifikia mpaka Jinja. Uliniuma. Niliendelea kudungwa na kumeza dawa nyingine pamoja na hiyo, nikitapika, nywele zikianguka, mpaka daktari akaniambia niende nyumbani.

Misimu ikapita kabla daktari hajaniruhusu kukabili kisu. Babu alikuwa haoni vizuri tena. Pale kinamasini alichota matope, akanishika bega, akaniuliza mbele ya wazee, "Humu ndani kuna nini?" Nikamweleza yote niliyoyaona kwenye kioo. "Na leo yana kazi gani?" Nikasema, "Kunikumbusha mimi ni wako." Ndipo akanipaka.

Basi, mwanangu, ukisikia jambo likakufurahisha, usilipokee hapohapo ukakimbia nalo. Uliza linatoka wapi, kisha linafanya nini, kisha litamfanya nini aliye mbele yako. Ukienda kwa aliyesoma, nenda na mkebe wako bila haya. Wala usidharau cha wazee kwa kuwa si dawa. Na lile jibu la daktari, kwamba hakuna aliyetafuta, bado linanikosesha utulivu. Kinamasi kipo, na ninyi shuleni kwenu mna hadubini.

Mungu akupe macho ya kuona vidogo na subira ya kuvisikiliza. Damu yako iwe safi, na mikono iliyonipaka mimi ikutangulie popote uendapo.