Kilo Ambazo Mama Hakutaka Zitajwe

Kwetu Garissa mgeni anaweza kukuuliza habari za watoto, za mvua, za malisho, hata za ndoa yako, nawe ukamjibu. Akikuuliza una ngamia wangapi, hapo amevuka mpaka. Unamwambia, "Wapo, alhamdulillah," na mazungumzo yanaendelea. Hesabu ikitajwa, jicho baya linapata pa kutua. Mama alinilea hivyo, na ingawa nimeishia kuwa mwalimu wa hesabu, sijawahi kubishana naye juu ya hilo.

Ndiyo maana mkufunzi wangu wa tiara alipopiga simu kutoka pwani kuniuliza nina kilo ngapi, nilibabaika. Likizo ya Desemba alikuwa amenifundisha kuteleza juu ya maji, umekanyaga ubao, umefungwa kiunoni na kamba za tiara pana inayokuvuta kwa upepo. Nilikunywa maji ya chumvi ya kutosha na sikusimama hata mara moja. Lakini nilinogewa, nikataka tiara yangu mwenyewe kwa likizo ya Aprili. Simu ilikuwa kwenye spika, mama akimimina chai. Kabla sijafungua kinywa, akadakia, "Hamsini! Andika hamsini!" Mkufunzi, ambaye hakuwahi kuniona ila ndani ya nguo pana za stara, akashukuru. Mtu yeyote wa mtaa wetu wa Iftin anayenijua angeicheka hiyo hamsini mpaka akae chini.

Aprili upepo wa pwani ni mvivu. Tiara ndogo aliyoniuzia kwa hesabu ya kilo hizo ilipanda, ikatulia angani, na mimi nikatulia majini vilevile. Wanafunzi wenzangu walinipita wakinipungia mkono. Mkufunzi alikuna kichwa.

"Kwa kilo zako hii inatosha kabisa," alisema. "Upepo huu unataka tiara kubwa, ila mwanafunzi mwepesi kama wewe itamburura hadi ufukweni."

Ningemsahihisha, lakini ningekuwa nimemfanya mama mwongo mbele ya mwanamume asiyemjua. Nikameza maneno pamoja na chumvi, nikarudi nyumbani.

Wiki iliyofuata alipiga simu, nikaiweka tena kwenye spika. Alikuwa mpole, na upole wake uliniuma zaidi.

"Dada, ile tiara kubwa huiwezi kwa kilo hamsini, labda mchezo huu si wako. Nirudishie tiara, nikutafutie mnunuzi."

Nilisema sawa. Maishani mwangu sijataka kitu cha kwangu peke yangu kama nilivyotaka kusimama juu ya yale maji.

Mama alikuwa kando akikunja nguo. Aliniangalia usoni, akaiweka shuka chini, akaichukua simu mkononi mwangu, akaanza kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali.

"Assalaam aleikum. Mimi mama yake. Ile hamsini mimi nilisema, si kweli. Huyu msichana yangu iko kilo themanini na mbili."

Sikujua kwamba anaijua hesabu hiyo. Sauti ilimtetemeka, kama mtu anayewafungulia wageni zizi lake.

"Mbatie ile kubwa," akaendelea. "Lakini kwanza sema mashallah."

"Mashallah, mama," mkufunzi akasema. "Basi ni ile ya mita za mraba kumi na mbili. Tutaanza nayo taratibu."

"Sema tena."

"Mashallah."

Mama akanirudishia simu, akanitemea utosini yale mate mepesi ya baraka, mimi mtu mzima na kilo zangu zote. Nilimpenda kupita kiasi saa ile.

"Haya," akaniambia kwa Kisomali, akiiokota shuka yake. "Ukizama tena, usiseme ni mimi niliyekushika mguu."