Makamu Aliyekataa Kuapa

Mwenyekiti wetu alizikwa Ijumaa. Siku hiyo hiyo makamu wake, mwenye haki ya kukirithi kiti, alijifungia nyumbani kwake, mzima wa afya, akakataa katakata kutoka.

Majina nimeyabadilisha. Tukio sikulibadilisha.

Ilikuwa kisiwani Juani, Mafia, miaka kadhaa baada ya Hifadhi ya Bahari kuanzishwa. Nilikuwa mwalimu mstaafu, Mkristo niliyelelewa na shule ya misheni kule Masasi, na katibu wa umoja wa wavuvi wa pweza. Katiba ya umoja niliiandika mimi, nikiifuata ile ya nchi: kiongozi akifariki, makamu anaapa. Nikaongeza la kwangu: asipoapa katika siku arobaini, amejiuzulu.

Mwenyekiti alikuwa Hemedi. Wanachama walimwita Rais, kwa utani.

Makamu alikuwa Somoe, mtalaka, hodari wa mwambani kuliko wanaume wengi. Yeye ndiye aliyetushawishi tuufunge mwamba miezi mitatu ili pweza wakue. Kiti kile alikistahili, na alikitaka.

"Siku nikikikalia," alipenda kusema, "Iddi atanipigia saluti."

"Nitapiga kwa mguu!" Iddi, mvuvi mwenzetu, humjibu.

Siku ya thelathini na nane nilikwenda kwake.

"Hodi!"

"Shikamoo, Mwalimu." Sauti ilitoka nyuma ya mlango. Mlango haukufunguliwa.

"Marahaba. Zimebaki siku mbili. Toka ukaape."

"Niko ndani, Mwalimu."

"Nasikia kwamba uko ndani. Ndiyo sababu nakwambia utoke."

Akajibu kwa sauti ya chini: "Niwie radhi. Siwezi."

Niliondoka nimefura kwa hasira. Siku arobaini zilipotimia, nikasimama mkutanoni.

"Makamu amekidharau kiti. Namwuliza kwa nini haapi, ananijibu yuko ndani!"

Iddi akaangua kicheko. "Rais kafa, Makamu kajifungia! Hii serikali au mchezo wa kuigiza?"

Wanawake wa safu ya nyuma wakainamisha macho. Nilidhani wanaona haya kwa niaba yake.

Nikaandika katika muhtasari: Amejiuzulu kwa kiburi. Mwanachama mwingine, Mbaraka, akaapishwa kuwa mwenyekiti.

Miezi mitatu baadaye alinijia Kidawa, mjane wa Hemedi.

"Mwalimu, eda yangu imekwisha jana. Na ya mwenzangu."

"Mwenzako yupi?"

"Somoe. Marehemu alimwoa kwa siri mwaka juzi. Wakidhani mimi sijui."

Ndipo nikayaelewa macho ya wale wanawake wa safu ya nyuma. Miaka thelathini nimeishi na Waislamu, na sikukumbuka kwamba mwanamke akisema yuko ndani kwa namna ile, yumo edani. Hatoki mpaka itimie miezi minne na siku kumi.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angesema, ningeaibika mimi. Kanistahi, Mwalimu. Kaona bora akose kiti."

"Na wewe je? Ulijua!"

"Mimi nami si nilikuwa ndani? Asubuhi hii ndiyo nimekwenda kumwita mke mwenzangu tulie pamoja. Nimekuta kufuli. Kahamia kwao Kilwa." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Hili nimekwambia wewe peke yako. Usilipeleke mkutanoni ukamfedhehesha mara ya pili."

Mkutano uliofuata niliomba yale maneno 'kwa kiburi' yafutwe.

"Kwa sababu gani?" Mbaraka akauliza.

Watu wote walinitazama. Nikakumbuka ombi la Kidawa, nikasema sababu siwezi kuitaja.

"Mwalimu, katiba si yako mwenyewe? Muhtasari uliokwisha kuthibitishwa haufutwi bila sababu."

Yakabaki. Yapo hadi leo, kwa mwandiko wangu mzuri.

Nimemwandikia Somoe barua mbili. Hakujibu, wala sina haki ya kudai jibu. Kidawa aliniruhusu kuyasimulia haya kabla hajafariki.

Ndugu msomaji, kanuni ni njema, nami naziheshimu. Lakini kabla hujakiandikia sababu kimya cha mtu, jiulize kwanza anamsitiri nani.