Nyayo za Baba na Kidole cha Shangazi

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, tunamwita Msasa. Jina kalipata kazini, maana huu mwaka wa kumi na mbili anasugua sakafu za mbao za watu, lakini kwa ule mdomo wake lingemfaa hata angekuwa anauza nyanya. Vyumba vya kulala na korido, ndizo kazi alizopewa siku zote. Ukumbi, hajapewa hata mmoja. Kwa hiyo baba alipomwambia kuwa bosi wake anatafuta fundi wa sakafu ya ukumbi wa ofisi, na kwamba Jumapili anakuja kwetu kula, shangazi akajitolea kutengeneza sebule yetu.

"Akiiona, wewe nitambulishe tu," alisema. "Mengine niachie."

Baba akaapa.

Sebule yenyewe ilikuwa aibu. Palipokaa zulia peupe, penye jua peusi, kwingine mabaka matupu. Shangazi akaisugua yote kwa mashine mpaka mbao zikabaki uchi, akatuonya mtu asikanyage. Sasa baba yangu, simu ikimwita sebuleni, anatoka bafuni na sabuni kichwani. Akapita. Maji yakakauka, hakuna aliyejua. Kesho yake shangazi alipopaka rangi ya mbao, lo! Nyayo kumi na moja, nyeusi, vidole vyote unavihesabu, kutoka mlangoni mpaka ilipokuwa simu.

"Nani huyu?"

Baba akaficha miguu chini ya kiti. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Mbao ikilowa inafunguka," shangazi akanieleza kwa hasira. "Hata ikikauka, pale palipolowa panakunywa rangi zaidi. Dawa ni kusugua upya, kisha kuilowesha sakafu nzima kwa kitambaa, sawasawa, ikauke, ndipo upake. Ikinywa, inywe yote." Akaanza upya huku akimsema baba na aliyevumbua simu.

Katikati ya kazi alizima mashine abadilishe msasa. Baba, aliyekuwa chumbani akipiga kelele kwenye simu ili ashinde mashine, hakushtuka kuwa imezimwa.

"Fundi wa nini, bosi? Sebule naitengeneza mwenyewe, kwa mikono hii hii! Ah, ukumbi tutatafuta kampuni."

Nikamtazama shangazi, nikasubiri maneno. Wapi! Machozi yakamlengalenga. Ilimuuma sana, na mimi ikaniuma. Kisha akajipangusa vumbi, akaniambia nilete bakuli la maji.

Akamaliza kusugua, akailowesha sakafu nzima, ikakauka. Halafu pale linapokaa sofa kubwa akasugua tena kipande cha ukubwa wa sinia, akachovya kidole, akaandika taratibu, ulimi nje. Baada ya nusu saa hapakuonekana chochote.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Sijaona kitu, shangazi."

"Ndiyo maana nakupenda."

Baba alipokwenda kazini tukapaka rangi, baadaye vanishi, na vilipokauka tukarudisha sofa kabla hajafika.

Jumapili bosi akaja, mama wa makamo mwenye macho ya kupekua. Hata kukaa hakukaa. Akainama, akapitisha kiganja sakafuni.

"Haina baka hata moja. Umefanyaje?"

"Aa... nilipaka," baba akasema. "Halafu nikafuta."

"Basi?"

"Nikafuta tena."

Shangazi, aliyealikwa kama dada tu, akakohoa. "Mdogo wangu, sofa liko juani, mgeni ataungua. Lisogeze."

Baba, kwa furaha ya kubadilisha mazungumzo, akalivuta kwa nguvu zake zote. Maandishi meusi yakatokea, safi kabisa: FUNDI NI DADA YAKE. Chini yake, namba ya simu.

Bosi akavaa miwani, akasoma, akatoa simu, akabonyeza namba moja moja. Simu ikaita mfukoni mwa shangazi. Akaiacha iite mara tatu, akapokea, akampa bosi mgongo.

"Haloo, fundi wa sakafu hapa."

"Nina ukumbi," bosi akasema kwenye simu, hatua mbili kutoka kwake. "Yupo mtu wa kuisemea kazi yako?"

"Yupo. Hapo karibu yako kuna bwana anatoka jasho. Muulize."

Baba akatazama sakafu, lakini huko nako kulikuwa na maandishi.

"Ni fundi," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi hata mashine sijui inawashiwa wapi. Nimekosa, dada."

"Sisikii," shangazi akasema. "Mtandao mbaya."

"NI FUNDI!"

"Sasa nimesikia." Akakata simu, na yale machozi yakarudi, ila safari hii alikuwa anacheka.

Kazi ya ukumbi ilianza wiki iliyofuata. Baba alipokwenda kumsalimia shangazi huko, alivua viatu mlangoni, akafuta miguu yote miwili bila kuambiwa, kisha akauliza kama anaruhusiwa kuingia.