Maziwa ya Moto ya Rafaeli

Shuleni Rudewa hakuna anayemwita Yusta kwa jina lake. Ni Mama Iodini, kuanzia kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayemrushia shikamoo akiwa mbioni, hadi kwa mpishi anayefunika sufuria akimwona anakuja. Ametunza maabara ya shule hiyo miaka ishirini na miwili, na mfuko wa koti lake jeupe haukosi kichupa cha iodini. Amekwisha kudondoshea mihogo, chaki, hata keki ya harusi ya mpwa wake, ikageuka bluu na bibi harusi akanuna mpaka jioni.

Somo lake ni lile lile kila mwaka. "Iodini ni ya ukoo wa halojeni," huwaambia wanafunzi. "Wanga nao umejisokota kama springi ya kitanda. Iodini inajipenyeza humo ndani, inajibanza, mnaona bluu. Lakini msidanganyike, hawajafunga ndoa hawa! Wamekaa karibu tu. Pasha moto, kila mmoja kivyake, bluu imepotea. Acha ipoe, wamerudiana."

Mwaka huu shule ilitafuta mtu wa kuleta maziwa ya bweni. Walijitokeza wawili: Simoni, mfugaji wa ng'ombe ng'ambo ya mto, na Rafaeli, kitinda mimba wa kwao Yusta, ambaye Yusta alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki kule Berega. Mafuriko yalikuwa yamemaliza mahindi ya Rafaeli, na dada yake alimwombea kazi hiyo kila Jumapili kanisani. Sasa, ilisemekana kuna watu wanaotia maji kwenye maziwa, kisha wanakoroga unga yaonekane mazito. Kwa hiyo mkuu wa shule, Mwalimu Bonifas, akaamua yapimwe mbele ya wazazi. Nani apime, kama si Mama Iodini?

Simoni alileta kibuyu. Tone likaanguka, maziwa yakabaki na unjano hafifu, hayana unga. Rafaeli akafungua chupa ya chai, mvuke ukapanda.

"Wazazi hawapewi maziwa baridi, dada," alisema akitabasamu.

Kanuni ya Yusta ni kupoza kwanza. Siku hiyo mapenzi yalimsahaulisha. Akadondosha, na unjano ukabaki vile vile. Wazazi walipiga makofi, na kwa kuwa Rafaeli anakaa karibu na shule, Mwalimu Bonifas akatoa kalamu atie sahihi mkataba.

Yusta alianza kukusanya glasi, furaha imemjaa. Ile ya Rafaeli ilikuwa imepoa ikawa vuguvugu, na ukingoni palikuwa na utando wa bluu. Akaitazama tena. Bluu ilikuwa inazidi.

Angeweza kuyamwaga tu kwenye sinki, hakuna aliyekuwa akitazama. Hakuna isipokuwa Rafaeli, na tabasamu lilikuwa limemtoka. Hapo Yusta akakumbuka meza ya nyumbani, kiporo cha ugali, na mtoto wa miaka kumi akicheka kuona bluu inavyokimbia moto.

"Mwalimu, weka kalamu chini," alisema. "Nimekosea. Nimepima yakiwa ya moto." Akainua glasi, bluu kama wino. "Na ujanja huu nilimfundisha mimi mwenyewe."

Simoni akakohoa.

"Basi mama, mwanafunzi wako amefaulu."

Wazazi wakaangua kicheko. Yusta naye alicheka, huku anafuta machozi kwa koti.

Kazi alipewa Simoni. Wiki tatu Rafaeli hakukanyaga kwa dada yake. Ya nne alipiga hodi mchana, jagi mkononi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Akaweka jagi mezani. Lilikuwa baridi.

"Simoni amenichukua nimsaidie kukamua," alisema, macho chini. "Haya nimekamua mwenyewe asubuhi. Weka tone."

Yusta alimpenda mdogo wake huyo kuliko mtu yeyote duniani. Akatoa kichupa, akaweka matone matatu.